Mto Uliozaliwa Mtaa wa Vibatari

Mto ulizaliwa Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, mbele ya nyumba ya Bi. Mwantumu Sekibaha, na wazazi wake walikuwa bomba la inchi nane na adabu njema.

Bi. Mwantumu alikuwa barazani anachambua mchele alipoona kipanga cha Jiji kinashuka. Kipanga, kwa asiyewahi kukiona, ni kidude cha kuruka chenye ukubwa wa sinia, kina mapangaboi manne mgongoni na kopo la rangi tumboni. Kilisimama hewani mbele ya ukuta wake, kikaumulika kwa mwanga mwembamba kutoka juu mpaka chini, kisha kikachora X. X nyekundu, kubwa kuliko mlango, rangi ikachuruzika mpaka kwenye ndoo alikopanda mrehani.

"Wewe kidude," alisema bila kuinuka, "umekosea nyumba."

Kipanga kikatema karatasi mapajani mwake, juu ya mchele, kikahamia kwa jirani. Karatasi ilisema: *Nyumba hii imo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa Mto Salama. Wakazi watahama kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Jiji la Ng'ambo Mpya linawashukuru kwa ushirikiano wenu.*

Alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akasoma mara ya tatu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, yote kaila Mtaa wa Vibatari, na mito pekee aliyowahi kuiona hapo ni ile ya kwenye ramani ya darasa la tano.

Kisha akainua macho, akaliona handaki.

Inabidi tulieleze hilo handaki. Miaka saba nyuma lilikuja fuko la Maji. Fuko ni mashine ya kuchimba, ndefu kama lori la mchanga, lina pua ya chuma mbele na mkia wa mpira nyuma, na halina dereva. Lilipasua barabara katikati, mita mia mbili, lami iliyokuwa haijamaliza hata mwezi, likabadilisha bomba, halafu likakaa kungoja. Lilingoja kwa sababu fuko la Umeme lilikuwa limetuma ujumbe: usifukie kwanza, na mimi nina nyaya za kupitisha. La Umeme lilipomaliza, la Simu nalo likaomba lisubiriwe. Basi kila moja likaandika katika kumbukumbu zake kwamba la mwisho ndilo litakalofukia. Kila moja likageuza shingo, likaona kuna mwenzake nyuma. Yote matatu yakaondoka siku moja, kwa mstari, mikia inacheza.

Baada ya wiki mbili bomba jipya likaanza kuvuja kwenye kiungo. Maji yakajaa, yakatafuta njia, yakatiririka. Mwaka wa pili yakaota matete. Mwaka wa tatu wakaingia vyura. Mwaka wa nne mtu alivua kambale wa kutosha nyumba mbili. Na wapo wanaoapa kwamba mwaka wa sita walimwona kiboko, ila anayeapa zaidi ni Shangwe wa gereji, na huyo huapa hata kuhusu tairi kuukuu kwamba ni jipya.

Usidhani watu walikaa kimya. Walilalamika kila siku ya Mungu, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kila mlango wa Ng'ambo Mpya una sikio. Ni kidude cheupe cha plastiki, kikubwa kama kifuniko cha sufuria ndogo, na nyuma yake yuko Msikivu, akili ya mashine inayoendesha mafuko na vipanga vyote vya Jiji. Kila asubuhi Msikivu huamsha kaya laki tisa kwa mpigo na kuziuliza: "Hamjambo hapo nyumbani? Habari za barabara?" Akisikia neno la kwanza la jibu, anashukuru na kufunga. La kwanza tu. Wataalamu waliomtengeneza walipiga hesabu zao wakaona kaya laki tisa haziwezi kusikilizwa zote mpaka mwisho, na mmoja wao akaongeza kuwa neno la kwanza la mtu ndilo linalotoka moyoni.

Huyo mtaalamu hakuzaliwa huku.

Maana nani huku kwetu, akiulizwa habari, anaanza na neno jingine? Nyumba ya mtu inaungua, ukimuuliza habari atakwambia nzuri, ila nyumba inaungua. Bi. Mwantumu mwenyewe, siku ya kumzika mama yake, alisimama mlangoni asubuhi nzima akiwajibu waombolezaji: nzuri, tunamshukuru Mungu, ila ndiyo hivyo.

Basi kwa miaka saba nyumba arobaini na moja za Vibatari zilimjibu Msikivu, "Nzuri, ila hili handaki jamani..." na kabla ya *ila* kufika, Msikivu alikwishashukuru na kuondoka. Akaweka kumbukumbu. Maji yanatiririka mwaka mzima. Yana samaki. Watu wanaishi kandokando yake na kila asubuhi wanasema ni nzuri. Mashine ikajumlisha ikapata jibu: hiki si kitu kibovu, hiki ni mto. Na mto una sheria yake, hakuna kujenga ndani ya mita sitini. Jina ikalitafuta katika majibu ya wakazi wenyewe, ikachukua neno la pili kwa wingi baada ya *nzuri*.

Kuna jambo jingine, ambalo Bi. Mwantumu hakupenda kulizungumza. Sauti iliyokuwa inauliza ilikuwa yake.

Miaka thelathini na moja nyuma alikuwa mtangazaji wa redio ya mkoa, binti wa miaka ishirini na saba, sauti tamu mpaka wasikilizaji wakawa wanamwandikia barua za kumwomba asome tu majina ya vituo vya reli. Wataalamu walimfungia chumbani miezi minne asome sentensi elfu sita. Siku ya kwanza walimpa karatasi imeandikwa: *Toa taarifa ya barabara.* Akairudisha mezani.

"Hii sisomi," alisema. "Humwingilii mtu kwake asubuhi ukaanza kudai taarifa. Hata polisi anasalimia kwanza."

Wakacheka, wakaongeza salamu. Alijivunia jambo hilo maisha yake yote. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imenyauka, sasa ikitoka kama koleo linalokwangua zege, lakini kila asubuhi alijisikia akiwa binti, akiwasalimia watu laki tisa kwa adabu.

Jumatatu hiyo alikaa na ule mchele mpaka jua likafika magotini, na hakuchambua hata punje moja zaidi.

*

Mtaa ulikutana gerejini kwa Shangwe, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli cha kutosha na mabenchi ya magari yaliyokufa. Kuingia kulitaka kuvuka ubao mmoja juu ya handaki, na ubao wenyewe ulikuwa umeanza kulegea kama kisamvu.

Karatasi ilikuwa na maandishi madogo chini, na Bi. Mwantumu aliyasoma kwa sauti. Jumatano asubuhi Msikivu angefanya uhakiki. Angeuliza nyumba kwa nyumba kwa mara ya mwisho. Zaidi ya nusu wakisema *mbaya*, mto unafutwa na nyumba zinabaki.

"Basi kazi imekwisha," alisema Shangwe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ovaroli la bluu na spana mfukoni, na alizungumza kama mtu anayeshindana na injini. "Neno moja. Mbaya. Nani hapa hawezi kusema mbaya?"

Watu wote wakamtazama Mzee Ngulangwa.

Mzee Ngulangwa alikuwa mhudumu wa treni miaka thelathini na minane, daraja la kwanza. Tangu amestaafu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku mbuzi wa jirani alipokula barua yake ya pensheni.

"Tujaribu," alisema Bi. Mwantumu. "Mzee Ngulangwa, habari za barabara?"

"Nzuri, mwanangu, sijui za kwako."

"Tumekubaliana useme nini?"

"Mbaya."

"Haya. Habari za barabara?"

"Nzuri." Akashika mdomo. "Nimekwisha kulisema tena?"

"Umelisema, mzee wangu."

"Linatoka lenyewe. Mtu anakuulizia hali yako, unamtupia mbaya usoni, yeye kakukosea nini?"

"Huyo siyo mtu," alisema Shangwe.

"Ana sauti ya Bi. Mwantumu," alijibu Mzee Ngulangwa kwa upole. "Mimi siwezi kumjibu Bi. Mwantumu vibaya."

Shangwe akamgeukia Bi. Mwantumu. "Umesikia? Umetuponza wewe na salamu zako. Ungeiacha mashine iwe na matusi kama mashine za wenzetu, leo tungekuwa na lami."

Walicheka, na Bi. Mwantumu alicheka nao, lakini maneno yale yalibaki naye. Walifanya mazoezi siku mbili. Walisalimiana kila walipokutana na kujibizana mbaya, mbaya, mbaya kabisa, mpaka mtaa ukasikika kama wodi ya wagonjwa.

Jumatano saa moja asubuhi masikio yote yakalia kwa pamoja. "Hamjambo hapo nyumbani? Habari za barabara?"

Mtaa mzima ulisikika ukijibu. Waliosema mbaya walikuwa kumi na wawili. Ishirini na tisa walisema nzuri, njema, salama, alhamdulillahi. Shangwe, aliyekuwa amekesha akijiapia, alishtushwa na mlio akiwa chini ya gari, akasema, "Poa."

"Mto Salama umethibitishwa," ilisema sauti ya binti wa miaka ishirini na saba kutoka milango arobaini na moja. "Jiji linawapongeza."

*

Hasira ya Bi. Mwantumu haikuwa ya kupiga kelele. Alikwenda ndani, akanawa uso, akafunga khanga vizuri kiunoni, akarudi akasimama mbele ya sikio la mlango wake kama anayesimama mbele ya maikrofoni. Shangwe alikuwa amekwishavuka ubao kuja kuomba radhi kwa ile poa yake, na nyuma yake Mzee Ngulangwa, naye kuomba radhi.

"Nyamazeni kidogo," alisema Bi. Mwantumu. Kisha, kwa sikio: "Mwalimu yuko darasani."

Hakuwa amelitamka neno hilo kwa karibu miaka thelathini. Wataalamu walimpa wakati ule wa kurekodi, ili akisikia Msikivu anatamka neno vibaya, amrekebishe. Ulikuwa mlango mdogo sana. Haukufika kwenye hesabu wala kwenye mafuko, uliishia kwenye ulimi tu. Na kwa kuwa ulikuwa mdogo, hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Sikio likatoa mlio mfupi. Kisha: "Karibu, mwalimu. Imepita miaka ishirini na tisa. Nimekosea kutamka wapi?"

Shangwe akamshika mkono. "Mwambie nzuri maana yake ni mbaya. Mwambie sasa hivi."

"Siwezi kugusa maana. Na hata ningeweza, mwenye barabara nzuri kweli kesho atasema nini?"

"Yeye atajijua."

"Ishirini na tisa wamesema nzuri, Shangwe. Mmojawapo wewe. Nikaingie vinywani mwenu niwapangie maneno?"

Alilitazama handaki, na matete, na ndege mweupe aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya bomba linalovuja. Alijaribu kukumbuka ni wapi hasa salamu ilipokatika. Watu hawakuwa na kosa, walikuwa wamejibu kama inavyojibiwa. Kosa lilikuwa la yule aliyeuliza halafu akaondoka. Mtu anayekusalimia kwelikweli haondoki kwenye *nzuri*. *Nzuri* ni kumfungulia mgeni mlango tu, naye bado hajavua viatu.

"Msikivu," alisema, "kuna neno sikukusomea. Mtu akikujibu nzuri, wewe unasema: ehe."

"EHE," ilisema mashine.

"Hiyo chafya. Ivute. Ilainishe mwishoni, kama mtu aliyekwishakaa kitako."

"Ehee."

"Usizidishe, utadhaniwa unamdhihaki. Ehe."

"Ehe."

"Hapo hapo."

"Kisha nasema nini, mwalimu?"

"Unanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka amalize."

Msikivu akafikiri, na kwa mashine ya aina ile kufikiri sekunde tatu ni sawa na mtu kwenda Hija na kurudi. "Mwalimu, nina kaya laki tisa."

"Basi utachelewa."

"Iwapo salamu haijaisha, uhakiki nao haujaisha. Uhakiki wa Mtaa wa Vibatari ni lazima urudiwe."

"Sikukutuma useme hivyo," alisema Bi. Mwantumu, "lakini umesema vizuri. Anza na mzee huyu."

Mzee Ngulangwa akarekebisha kofia yake.

"Shikamoo, mzee. Habari za barabara?"

"Marahaba. Nzuri," alisema Mzee Ngulangwa, akawatazama wanawake wawili kwa aibu.

"Ehe."

Akanyamaza. Sikio nalo likanyamaza. Shangwe alitaka kusema kitu, Bi. Mwantumu akamkanyaga mguu.

"Ila hili handaki," alisema Mzee Ngulangwa, "linasumbua kidogo."

Kimya.

"Mwaka ule wa nne, mwenzangu alianguka pale kwenye ubao. Bi. Tabu. Nyonga ikavunjika. Gari la wagonjwa lilifika, sikatai, lilifika mapema, lakini lilikuwa upande ule na sisi upande huu. Tukang'oa mlango wa chumbani tumbebee, tukazunguka naye kule nyuma, makaburini, kisha sokoni. Saa moja na nusu. Njiani nikamuuliza, unaendeleaje? Akanambia vizuri." Alikohoa. "Hakulalamika. Mimi nilivyomjua nilijua kuwa si vizuri. Tulipofika hospitali alikuwa amekwishaondoka. Mlango nilirudi nao peke yangu. Basi ni hayo tu."

Majirani wote walijua kwamba Bi. Tabu alianguka akafa. Habari ya mlango hakuna aliyeijua. Walipomuuliza hali wakati ule wa msiba alikuwa amewajibu nzuri, nao, kwa adabu, hawakumchimba.

"Nimesikia," ilisema sauti, taratibu. "Hili si mto. Ni shimo. Pole, mzee."

"Nimekwishapoa," alisema Mzee Ngulangwa, na safari hii alikaa chini pale pale kizingitini kabla ya kuulizwa kama angependa kukaa.

Nyumba zote zikaulizwa tena, na kila moja ikaifikia *ila* yake. Saa sita mchana kipanga kilirudi Vibatari na kopo la maji ya sabuni. Kilisugua X arobaini na moja mpaka jioni.

*

Ijumaa asubuhi alikuja Injinia Domitila Rweyongeza, ofisa wa Jiji wa matengenezo. Alivuka ubao kwa viatu vya ofisini amenyanyua mikono kama anayetembea juu ya kamba, na kitu cha kwanza alichofanya alipofika barazani kwa Bi. Mwantumu ni kutoa utepe mweusi mfukoni na kuliziba lile sikio la mlangoni. Kisha akanong'ona.

"Ni wewe uliyemfundisha lile neno?"

"Neno gani, binti?"

"Usinitamkishe, mama, nakuomba. Nimelala ofisini siku mbili."

Macho yake yalikuwa mekundu na mkono mmoja wa shati ulikuwa na wino. Bi. Mwantumu akamsogezea kikombe cha chai. Shangwe, aliyekuwa ng'ambo ya handaki akifungua gurudumu, akaacha gurudumu akaja. Mzee Ngulangwa alikuwepo tayari. Tangu juzi alikuwa akinywea chai yake pale.

Domitila alieleza. Msikivu alikuwa hajamaliza kusalimia Jumatano. Watu walianza na barabara, wakaingia kwenye mabomba, wakafika kwenye nguzo za taa, ndoa na wakwe, na mashine ilikuwa inasikiliza yote, kwa sababu haikuambiwa ni wapi pa kukata. Orodha ya mashimo ilikuwa imepanda kutoka mia mbili na sita hadi thelathini na moja elfu. Kila shimo jipya liliilazimu mashine kuipanga upya orodha nzima, na mpaka ipangwe, mafuko yote ya Jiji yamesimama barabarani, pua chini, yakingoja.

"Mkurugenzi ameniruhusu kukwambia hivi," alisema. "Liondoe neno. Kesho saa mbili asubuhi mafuko matatu yatakuwa hapa Vibatari. Bomba jipya, kifusi, lami. Kufikia jioni mtacheza mpira hapa."

"Na nisipoliondoa?"

Domitila alitazama kishikwambi chake. "Mtaa wenu ni wa thelathini elfu mia moja na kumi na mbili. Kama miaka minne."

"Miaka minne?" alisema Shangwe. "Dada Mwantumu, chukua. Nakuomba mbele ya mzee huyu, chukua. Ubao wangu umeoza. Wiki iliyopita mteja kaingia na gari, katoka na mashua."

Bi. Mwantumu alijipapasa goti. Goti lake la kushoto lilimuuma kila alipovuka ule ubao na ndoo ya maji, na miaka minne si kitu cha kumwambia mtu wa hamsini na minane kama unayemwambia ngoja chai ichemke. Alimtazama Mzee Ngulangwa. Mzee alikuwa anaitazama chai yake.

"Siyo barabara tu, mama," aliendelea Domitila, na sasa hakunong'ona. "Kuna zahanati, Mtaa wa Kinyozi. Haina maji. Akina mama wanajifungua, na fuko la kuwatengenezea bomba limesimama njia panda kwa sababu ya neno lako. Hilo silo jambo la utani."

Hilo lilimgusa. Alikiweka kikombe chini. "Haina maji tangu lini?"

"Msikivu ameniletea taarifa jana."

"Nimeuliza haina maji tangu lini."

Domitila alipapasa kishikwambi. Alitelezesha kidole juu, kisha juu tena, kisha akaacha.

"Tangu Machi," alisema.

"Machi hii?"

"Mwaka juzi."

"Na mwaka juzi kumbukumbu zenu zilisemaje?"

Domitila akakilaza kishikwambi mapajani. Muuguzi fulani wa Mtaa wa Kinyozi alikuwa ameulizwa kila asubuhi akiwa na ndoo mkononi, akajibu kama alivyolelewa.

"Basi neno langu halikuwanyima maji," alisema Bi. Mwantumu. "Limekufanya wewe ulijue jambo hilo. Nenda ukalitangulize lile fuko kwa mkono wako. Wewe si injinia?"

"Sijawahi kupanga orodha kwa mkono. Hakuna aliyewahi. Msikivu ndiye anapanga."

"Utajifunza. Zahanati kwanza, hilo halihitaji mashine."

"Na sisi?" alisema Shangwe.

"Sisi wa thelathini elfu na ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Basi hao walio mbele yetu wote walisema nzuri kama wewe, Shangwe. Nikiliondoa, kesho sisi tunacheza mpira juu ya midomo yao."

Shangwe alitukana, siyo mtu, ilikuwa hewani tu, akaketi ukingoni mwa baraza.

Domitila akasimama. Alizungumza kama anayesoma kitu ambacho asingependa kukisoma. "Mama, Jumatatu watakuja na amri ya mahakama. Wewe ndiye mwalimu wake, hakuna mwingine anayefungua ule mlango. Watakulazimisha ulifute, na lami pia hamtapata. Leo unaweza kuchagua. Jumatatu huwezi."

"Ule mlango unanifungukia mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

"Na mwalimu akistaafu?"

 Domitila akatazama pembeni, kwenye matete, kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayetazama matete. "Hilo," alisema, "sijatumwa kulijibu."

Bi. Mwantumu akainuka, akaubandua ule utepe kwenye sikio, akaukunja vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Mwalimu yuko darasani."

"Karibu, mwalimu. Bado nasikiliza Jumatano. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Nimekuja kuaga. Mwalimu anastaafu, na darasa hili halifunguliwi tena, na mimi wala na yeyote."

Mashine ikafikiri. Handaki lilisikika likitiririka, na mbali, huko mjini, mafuko yaliyosimama yakinguruma taratibu.

"Nikikosea, nani atanisahihisha?"

"Wanaokujibu."

"Ni wengi, na hawakubaliani."

"Ndiyo."

"Ukifunga sitakujua tena, mwalimu. Utakuwa mkazi wa nyumba namba kumi na saba."

Alikuwa hajafikiria hilo. Miaka yote, alipopita mbele ya sikio lolote la mji ule, kilikaa kitu kikijua kwamba huyu anayepita ndiye mwenye sauti. Aliweka kiganja ukutani, pale ambapo rangi nyekundu haikuwa imetoka yote.

"Funga," alisema.

Kilisikika kitu kidogo, kama kibiriti kinachofungwa. Shangwe alijiinamia. Domitila alikuwa ameushika utepe wake kwa mikono miwili.

Kisha sikio likaamka, kama linavyoamka kwa mkazi yeyote ambaye salamu yake bado haijaisha. Miaka thelathini na moja lilikuwa limemuuliza hujambo na kupita, maana kwake alikuwa ni sauti yake lenyewe, na hakuna anayejiamkia. Sasa lilitazama kumbukumbu za nyumba namba kumi na saba, likaona mwanamke mmoja, umri miaka hamsini na minane.

"Shikamoo, mama," alisema yule binti wa miaka ishirini na saba.

Bi. Mwantumu akakishusha kiganja kutoka ukutani.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za barabara?"

"Nzuri," alisema.

"Ehe."

Akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, akanyoosha goti lake bovu mpaka likatulia. Akampisha Domitila kwenye mkeka.

"Kaa na wewe, binti, uandike," alisema. "Viatu vua. Naanzia siku fuko la kwanza lilipoingia hapa."